Uzito wa Watoto Wetu: Tunamuaga Shangazi wa Chumba cha Kompyuta

Tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja, Shangazi atafunga chumba cha kompyuta na kukabidhi ufunguo. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mkuu wa masjala, kazi ya kuandika wasifu wake kwa masharti mawili: usizidi kurasa za katikati za jarida letu, na usiwe na utani mwingi. Sharti la kwanza nitajitahidi. La pili wamenionea tu, maana Shangazi wanamjua na mimi wananijua.

Alikuja hapa kama mwingizaji takwimu, binti mwembamba mwenye mkoba uliokaribia kumzidi uzito. Akapewa kiti kibovu na kibodi iliyofutika herufi. Waliokuwepo wanasema hakulalamika hata kidogo. Alishuka karakana, akarudi na fundi seremala, akamsimamia hadi kiti kikapona. Kibodi hakuitengeneza, kwani herufi alikuwa amekwisha kuzikariri. Alipotoka kazini alikuwa akienda kusomea kutengeneza programu, ada akajilipia mwenyewe, na kabla hatujajua kinachoendelea, yule dada wa takwimu akawa ndiye anayeitwa kila programu ya mishahara inapogoma. Akapanda kuwa mtengeneza programu, kisha mkuu wa kitengo, na huko juu akabaki, akitugombeza kwa cheo.

Jina la Shangazi hakupewa kwa sababu ya umri. Alipewa kwa sababu mwajiriwa mpya akimpelekea tatizo, kwanza anafokewa, halafu anavutiwa kiti, halafu anaondoka tatizo limekwisha naye hajui ashukuru au anune. Siku hizi hata mganga mkuu, ambaye amemzidi umri, humwita Shangazi, naye huitika bila wasiwasi wowote.

Chumba chake mnakijua. Kimepakana na sehemu ya kufulia mashuka, na ukuta mmoja una joto mwaka mzima. Sakafuni amebandika utepe wa manjano, na chai haivuki utepe huo hata ibebwe na nani. Mganga mkuu aliwahi kusimama upande wa pili na kikombe chake, akajadili bajeti nzima ya kitengo kwa kupaza sauti, na akina mama wa kufulia wakaijua bajeti kabla ya bodi. Tangu hapo vikao vya bajeti havifanyiki kwenye utepe.

Kazini ana mazoea mawili ambayo yametunyima raha kwa miaka mingi. Kwanza, hagusi faili la asili kabla hajatoa nakala, na nakala mojawapo lazima ikae jengo jingine. Pili, haamini namba isiyo na mtu. Mpelekee ripoti kwamba wagonjwa wa mwezi huu wameongezeka, atachagua mstari mmoja tu na kuuliza huyu ni nani, alilala wodi gani, nani alimpokea. Ukishindwa kumwonyesha mtu, ripoti unarudi nayo. Ripoti nyingi zinatoka masjala, kwa hiyo aliyenuna zaidi ni mimi. Nilikuwa nikisema kwa sauti, ili asikie, kwamba wengine wameajiriwa kuwa na kiburi. Alikuwa akisikia, na ripoti bado alikuwa akiirudisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa hilo peke yake ningeandika kurasa hizi hata kamati isingeniomba.

Wafanyakazi wapya hamkumkuta Babu. Babu ilikuwa mashine kubwa ya kizamani kwenye pembe ya chumba cha kompyuta, inayokoroma kama mzee aliyeshiba. Ndani yake mlihifadhiwa vizazi vyote vya hospitali hii vya miaka tisa. Programu yake iliandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa C, na kampuni iliyoiandika ilikwisha kufunga milango. Vitabu vya wodi vya miaka hiyo navyo bomba la dari lililopasuka lilivimaliza, tukabaki tunamtegemea Babu tu. Asubuhi moja Babu akakoroma, akakohoa, akanyamaza. Fundi alimfungua, akamfunika tena, akatupa pole.

Hatukushtuka sana, kwa sababu Shangazi alikuwa na nakala za mafaili ya Babu, nzima kabisa. Hata maandishi ya programu yenyewe yalipatikana kwenye kasha la diski. Kilipungua kitu kimoja tu: faili la vichwa. Nitalieleza kama nilivyoelezwa mimi, nikiwa nimesimama nje ya utepe na kikombe changu. Faili la data la mashine ile ni mfululizo mrefu wa alama na namba zisizo na mstari wala nukta. Faili la vichwa ndilo linaloiambia programu kwamba jina la mama linaanzia hapa na kuishia pale, hapa ni tarehe, hapa ni uzito. Bila hilo, una kabati la dawa lililojaa chupa zisizo na lebo. Dawa zipo zote, na hakuna unayoweza kumpa mgonjwa.

Shangazi alilitafuta faili hilo kila mahali. Alifungua diski moja moja, akapekua mashine zilizotupwa stoo, akawapigia wenzake wa hospitali nyingine. Mwishowe akampata mmoja wa vijana walioiandika programu ile, sasa ni mtu mzima anayefuga kuku. Alimpokea vizuri mno kwenye simu, akakiri kwamba kazi ile aliifanya, akasema hakumbuki hata neno moja, akauliza kama hospitali haihitaji mayai. Shangazi alirudisha simu mezani taratibu, akasema kama kitu hakipatikani basi kitatengenezwa.

Wakati huo dirishani kwangu hali ilikuwa mbaya. Watu waliozaliwa miaka ile walikuwa wamefikia umri wa kuhitaji vyeti. Huyu anataka kitambulisho, yule anataka kusafiri, na mimi kazi yangu ni kuwaambia njoo wiki ijayo. Bodi ikachoka. Ikaamua kwamba ikifika mwisho wa mwaka mafaili hayasomeki, miaka hiyo tisa itafungwa, na mwenye shida ataenda kuapa mahakamani kwamba alizaliwa. Wengi waliona ni sawa. Mtu mzima ana miguu, ana mdomo, ana mama wa kumshuhudia.

Lakini si kila aliyezaliwa humu alikua. Mtoto wetu wa kwanza, wangu mimi na mke wangu, alizaliwa wodi ya juu ndani ya miaka hiyo, Jumanne, na Ijumaa akafariki. Picha hatukupiga. Cheti hatukuwahi kuchukua, nani angekuwa na moyo wa kupanga foleni wiki ile. Baadhi ya ndugu, kwa nia njema, walimwambia mke wangu ahesabu kama hakuzaa, aanze upya. Tulijaliwa wengine watatu baadaye, wazima, wanakula kama mchwa. Lakini kila akienda kliniki na muuguzi akamuuliza amezaa watoto wangapi, alikuwa akinitazama kwanza, kisha anasema watatu. Mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba mtoto yule alikuwepo ni ndani ya mafaili ya Babu, na kwa mtoto huyo hakuna atakayeenda mahakamani kuapa.

Nilimweleza Shangazi. Hakuniahidi kitu. Aliniambia nitoe kikombe changu kwenye utepe.

Kesho yake kwenye ubao wa matangazo, kando ya ratiba ya zamu, kukabandikwa tangazo la ajabu. Lilisema kwamba mwanamke yeyote aliyejifungua hospitali hii katika miaka ile, awe mfanyakazi, jirani au mpita njia, anaombwa afike chumba cha kompyuta na kutaja siku aliyojifungua na uzito wa mtoto. Chini yake akaongeza kwamba akina baba wasijisumbue kuja. Hapo nilikasirika, nikaenda kumuuliza ana nini na akina baba. Akasema hana kitu nao, ila kazi hii inataka anayekumbuka.

Wakaja. Alikuja mpishi mkuu, akaja mhasibu, wakaja akina mama wa kufulia kwa mpigo mmoja, wakaja wauza matunda wa getini na wateja wao. Na hakuna aliyesitasita! Mama anaweza kusahau alipoweka miwani iliyo kichwani mwake, lakini muulize mtoto wake alizaliwa na uzito gani, atakutajia mpaka gramu, na ataongeza mvua ilikuwa inanyesha au hainyeshi. Wahenga hawakukosea waliposema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Shangazi alifanya hivi. Majina yalionekana kwa macho katikati ya zile alama, kwa hiyo alitafuta jina la mama kwanza. Kisha akaangalia namba zinazofuata, akitafuta ile ambayo mama ametaja. Mpishi mkuu alisema kilo tatu na gramu mia na hamsini, na kweli hatua chache baada ya jina lake namba hiyo ilikuwepo. Mhasibu vilevile, mahali palepale. Basi akaandika programu ndogo ya kumsaidia: unaipa majina, siku na uzito, yenyewe inajaribu mipangilio, ikiridhika inaandika faili la vichwa. Kila mama aliyeingia alithibitisha kipande kingine.

Siku ya majaribio alitualika. Akina mama wa kufulia walijaa mlangoni na mikono yao ikitoka povu. Programu ikawashwa, ukurasa wa kwanza ukatoka kwenye printa, na mtoto wa mpishi mkuu akasomwa amezaliwa na kilo ishirini kasoro kidogo. Lo! Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mapokezi. Mpishi alijishika kiuno, akaapa kwamba angekumbuka. Aliyefuata alikuwa na kilo saba, wa baada yake zaidi ya ishirini na tatu. Shangazi alisimama na karatasi mkononi, uso umemwiva, kisha akarudi kwenye kibodi.

Kosa lilikuwa la watu wa kazi yake hasa, sisi wengine tusingelipata hata tukitaka. Babu alikuwa akiandika namba kwa kuanza na sehemu kubwa, mashine mpya zinasoma kwa kuanza na sehemu ndogo, kama mtu anayekutana na kumi na mbili akaita ishirini na moja. Shangazi alipotafuta kwa macho aliona sawa, kwa sababu alisoma kama Babu. Mashine ikasoma kinyume. Alirekebisha kabla chai ya saa nne haijaisha, na watoto wote wakarudi kuwa watoto. Mmoja tu ndiye aliyeleta ubishi. Binti wa fundi umeme alizaliwa na kilo tatu na gramu mia sita, lakini kwa kusomwa kinyume alitoka na kilo nne na ushee. Fundi umeme alikuwa amepita mlangoni wakati huo na akaichukua namba hiyo. Mpaka leo anawaambia watu kwamba binti yake alizaliwa na kilo nne na kompyuta imethibitisha. Shangazi amejaribu kumweleza mara nyingi, sasa amemsamehe.

Likabaki jambo moja. Baada ya uzito palikuwa na alama moja peke yake. Kwa watoto karibu wote ilikuwa moja. Kwa wachache ilikuwa mbili, na kwa wachache wengine tatu. Akina mama wote waliokuja walikuwa na moja. Shangazi alielewa haraka kuliko sisi: waliokuja kwa tangazo ni wale wenye mtoto wa kumtaja kwa furaha. Mbili na tatu walikuwa wale wasioenda na mtoto nyumbani, lakini ipi ni ya aliyezaliwa hai na ipi ni ya aliyezaliwa amekufa? Kwa sheria, wa kwanza anastahili cheti cha kuzaliwa, wa pili hastahili. Angeweza kubahatisha. Wajumbe wawili wa bodi walimwambia abahatishe, wachache wale watamsumbua nani. Mtu asiyeamini namba isiyo na mtu hawezi kukubali hilo. Kwenye faili la vichwa, mbele ya alama ile, aliandika kwa herufi kubwa: SIJUI. Na hakunijia mimi wala hakumtuma mtu nyumbani kwangu. Alijua nilichomwambia, akasubiri.

Nilimwambia mke wangu habari ya alama ile wakati tunakunja nguo. Asubuhi alivaa gauni lake la kutokea, akapita dirishani kwangu bila kunisalimu, akaenda moja kwa moja chumba cha kompyuta. Nilimfuata. Tangazo halikunizuia.

Shangazi alimvutia kiti bila kumgombeza kwanza, na ndipo nilipojua ni siku kubwa. Mke wangu akataja Jumanne na tarehe. Nikadakia kwamba mtoto alikuwa na kilo tatu. Mke wangu akasema ni mbili na gramu mia sita na hamsini. Nikasema tatu, niliambiwa na muuguzi mlangoni. Akasema yeye ndiye aliyekuwa mezani, mimi nilikuwa mlangoni. Shangazi akaandika jina la mke wangu, mashine ikatafuta, na ikatoa mbili na gramu mia sita na hamsini. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kushindwa ubishi.

Baada ya uzito ile alama ilikuwa mbili. Mbele yake palikuwa na tarehe ya pili, ambayo kwa watoto wengine ni siku ya kwenda nyumbani. Yake ilikuwa Ijumaa. Shangazi akatazama kwenye mashine wale wenye alama ya tatu, mmoja baada ya mwingine, na tarehe ya pili ilikuwa tupu kwa wote. Wenye mbili wote walikuwa nayo. Wengine kesho yake, wengine baada ya wiki, mmoja siku ileile aliyozaliwa. Walikuwa wameishi. Mke wangu aliweka kidole kwenye skrini, kitu ambacho Shangazi amewafukuzia watu chumbani, akasema kwamba alilia, mtoto alilia, na aliwaambia watu tangu mwanzo. Shangazi akamwambia kwamba mashine nayo inasema hivyo. Kisha akafuta SIJUI, akaandika maana ya alama zile tatu, na pembeni, pale wanapoandika chanzo cha taarifa, akaandika: mama yake.

Bodi haikufunga mwaka hata mmoja. Vizazi vyote vya miaka tisa vilihamia mfumo mpya, na foleni ya dirishani kwangu iliisha mpaka nikaanza kuwakumbuka watu wake. Hospitali nyingine mbili zilizokuwa na mashine za kampuni ileile ziliomba faili la vichwa, zikapewa, pamoja na onyo kuhusu watoto wa kilo ishirini. Shangazi alipewa cheti cha mfanyakazi bora, akakitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hakionekani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ukuta ule mwingine una joto, kitapinda.

Akina mama wengine wa alama ya mbili tuliwatafuta kimyakimya, na waliotaka tuliwapa vyeti vya watoto wao. Cha mtoto wetu sikuweza kukiandika mwenyewe. Msaidizi wangu alikiandika na kukipiga muhuri. Kina jina tulilompa, siku yake, jina la mama, la baba, na uzito sahihi.

Najua Shangazi atasoma haya akiwa na kalamu nyekundu, na atauliza kila ninayemtaja ni nani. Basi huyu wa mwisho, mke wangu, namtaja wazi ili asiulize. Mwezi uliopita nilimsindikiza mke wangu kliniki kupima presha. Muuguzi mpya, hatujuani, akamuuliza amezaa watoto wangapi. Hakunitazama. Alisema wanne.

Shangazi, kwa niaba ya masjala, wodi, jikoni, chumba cha kufulia na fundi umeme mwenye binti wa kilo nne, asante. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, unywe chai yako popote upendapo. Na kwa niaba ya nyumba yangu: watoto wetu ni wanne, na wewe ndiye uliyewahesabu sawasawa.